Mama Mdogo

Feri ya saa moja asubuhi kutoka Kołobrzeg, mwaka wa tano sasa.
Bogna ameinama ukingoni, kigegezi hakimjui mtu,
Tymek anahesabu shakwe na kukosea makusudi,
mimi nimekumbatia mkoba.
Ndani: soksi, ndimu za kunusa, kaptula yenye mchanga wa mwaka jana,
na faili la buluu.

Faili hilo nalijua kama magoti yangu.
Cheti cha kuzaliwa: mama, Bogna.
Baba, jina tulilolichagua sisi wenyewe jikoni,
maana sheria ya kwetu haipendi nafasi tupu.
Baba wa wino. Hajawahi kuamka usiku.
Kisha barua ya wakili, mihuri miwili,
kwamba mimi, Jagoda, naruhusiwa kumpeleka mtoto huyu hospitali,
kuvuka naye bahari,
bado kidogo wangeandika: kumfunga kamba za viatu.

Langoni mwa shule mimi ni mama mdogo.
Ndivyo tulivyomfundisha aseme:
mdogo wake mama, anaishi nasi, anapika vizuri.
Mdogo! Mimi, nigongaye kichwa kila mlango.
Hulitamka neno hilo harakaharaka,
kama anavyoruka ngazi iliyooza.

Nexø. Nyumba ya Preben ina vyumba saba
na bomba moja lenye hasira.
Mwaka ule wa kwanza nilikuja na hotuba niliyoikariri,
nikafungua faili mezani kwake, nikaanza: "Sisi ni..."
Akanikata, kwa Kijerumani kibovu kama changu:
"Nani kati yenu haogopi buibui? Chumba cha juu wamo."
Basi. Hakuuliza lingine.
Faili likabaki kinywa wazi.

Asubuhi mezani kuna Henning na Detlef wa Leipzig
wakizozana nani kasahau kofia ya mtoto,
na mtoto amevaa kikapu cha mkate.
Kuna wale wanawake wa Utrecht na vijana wao watatu
wasiosemezana na yeyote, kama ilivyo haki ya miaka kumi na minne.
Kuna mume na mke wa Odense, walifuata bei nafuu tu;
nao hakuna aliyewauliza wamekuwaje hivyo.

Jumatano jino la Tymek limeng'oka
ndani ya samaki wa moshi, kando ya kiini cha yai.
Amelikimbiza hadi ufukweni, ngumi juu, akipiga kelele:
"Mama!"
Tumegeuka wanawake watano.
Mmoja alikuwa akipita njia yake tu, na mbwa wake.
"Sio nyie! Huyo!
Mama mrefu!"

Mrefu.
Nimesimama pale, maji yakinifika vifundoni,
nikaona aibu kwa jinsi nilivyonyooka,
mgongo, shingo, hata nywele.
Bogna alicheka mpaka akakaa mchangani.
Sikucheka. Nilikuwa na kazi ya kuwa mrefu.

Jumamosi natafuta tiketi, nafungua faili,
na jino liko humo, limefungwa kwenye karatasi ya leso,
limebanwa baina ya mihuri miwili.
"Niliweka," anasema, "ili wakiuliza, uwaonyeshe."
Wakiuliza nini, sijamuuliza.

Sasa kisiwa kimezama nyuma, mbele hakuna kitu,
maji ya kijivu yasiyo ya nchi yoyote kwa macho yangu.
Bogna amelala, mdomo wazi, ndimu mkononi.
Tymek ananivuta mkono wa sweta.
"Tunaanza lini tena kusema mdogo?"

Natafuta jibu la kweli lisilouma. Sina.
"Tukiuona mnara wa taa," namwambia.

Anatazama kusini kidogo,
kisha anafumba macho, kwa nguvu,
mpaka pua inakunjamana,
na hayafumbui.